Bunduki ya Mtware

Bunduki ya mitutu miwili iliyotundikwa ukutani kwetu haikuwa ya vita. Ilikuwa ya marisau, ya kupigia bata maji kule Rusizi, na mwenyewe wa kwanza alikuwa mtware, chifu mkubwa wa enzi za Wabelgiji. Homa ilimkamata mawindoni. Babu yangu, Mwarabu muuza vitambaa, akamlaza dukani na kumnywesha uji wa mtama wenye tangawizi mpaka akainuka. Bunduki ikawa shukrani yake. Kwenye kitako palikuwa na kibamba cha fedha chenye jina la mtware, na baba alikisugua kwa majivu kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Kibali cha serikali hakuwa nacho. Kwake yeye, jina lile lilitosha.

Msako wa silaha ulipoanza mtaani, mama alitaka tuitupe mtoni Ntahangwa.

"Kitu ya mutware unatupa mu maji?" baba alimuuliza. "Apana, mama wee."

Polisi walipoingia, baba, mtu mwenye adabu za kukera, aliwakaribisha kahawa na tende. Akaiteremsha bunduki mwenyewe, akawaonyesha jina, akaanza kuwasimulia habari ya homa na uji. Ndivyo alivyolelewa: mgeni haachwi apekue nyumba, anaonyeshwa. Kijana mmoja alikitazama kibamba.

"Uyu ni nani? Miye simujue."

Wakamaliza kahawa yetu, wakaondoka na bunduki na baba.

Tulimtafuta baba mtaa wa Musaga, tukamtafuta na mtaa wa Gihosha. Kila ofisi ilisema hayupo. Mwishowe nilifikishwa kwa mkubwa mmoja wa suti nzuri, na nilipoinua macho nikaiona bunduki yetu ukutani nyuma ya kiti chake, kibamba kinang'aa.

Akaona ninapotazama, akafurahi.

"Unaiona? Ni ya mutware wa zamani. Homa ilimushika kule Rusizi, Muarabu mumoja akamuponyesha na uji ya mtama. Na tangawizi ndani!"

Habari ya tangawizi ilijulikana nyumbani kwetu tu; wale polisi baba hakuwahi kuwafikisha huko.

"Nani alikuambia?"

"Muzee mumoja."

"Uyo muzee iko wapi?"

"Wazee wengi wanapita hapa, dada."

Nilimchukia kuliko wote waliokuja nyumbani. Wale hawakujali hadithi. Huyu alimsikiliza baba mpaka mwisho, akaikumbuka hata tangawizi, na jina lake hakumuuliza.

Kisha akachukua kalamu, akaniuliza nimekuja kwa shida gani.