Marehemu Hatajwi Kavukavu

Mdogo wangu alijua alichokibeba. Nalisema hili mapema, maana ndugu wengi wa wafungwa huja na hadithi ya kubambikiwa kesi, na mimi hadithi hiyo sina. Alikuwa akiendesha bodaboda Mikumi, mtu akampa kiroba akipeleke stendi, ndani mna nyama ya nyati iliyokaushwa. Alinusa, akajua, akawasha pikipiki. Askari wa wanyamapori walimkamata kabla hajaifikia lami. Akahukumiwa miaka ishirini, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa bado hazijakubaliana zitoke wapi. Na mimi ndiye niliyemtoa kwa mama, Mabwerebwere pale Kilosa, nikamleta Mikumi ninakouza chai na supu kwa madereva wa malori. Nilimwambia huku ndiko kwenye maisha.

Miezi ya kwanza aligoma kula. Nilimkuta upande wa pili wa wavu, nguo za jela zinamning'inia, ananiambia, "Shikamoo dada. Mimi nimeshakufa, bado kuzikwa tu." Mimi si ustadhi. Madrasa niliishia juzuu amma, ile wanayoanzia watoto, kisha nikaolewa. Lakini siku hiyo nilizungumza kama mtu aliyelipwa. Nilimwambia Mungu hamtupi mja wake, subira yavuta heri, baada ya dhiki faraja.

Akaniangalia. "Hiyo faraja itapita wapi, dada? Hapa geti ni moja, na lazima uandikishe."

Nilicheka, na askari aliyesimama kati yetu naye akacheka. Nikajua bado yumo. Mtu aliyekufa hatanii.

Basi nikaanza kwenda kila mwezi. Nalala kwa mama, asubuhi nachukua sabuni na dawa ya meno, naenda gerezani kumpa maneno ya Mungu. Mama mwenyewe hakuweza kwenda. Alikuwa na presha, na miguu ilimvimba hata kandambili hazikumwingia. Alinituma tu. "Mwambie asiache swala. Mwambie mimi nipo." Nami nikafikisha. Mdogo wangu akaanza kula. Akaanza kuswali, akapata mzee mmoja mfungwa wa kumfundisha kusoma Kurani kuanzia alifu. Mwezi mmoja akaniambia kwa furaha, jambo ambalo sikulitegemea, "Dada, nimepata kazi humu. Kila nikimaliza kuswali namwombea mama miguu yake ipone. Swala tano, dua tano. Mwambie." Nilipomwambia mama, alilia, akainyoosha ile miguu mkekani akaitazama.

Mama alifariki kumi la mwisho la Ramadhani, asubuhi, akiwa anachambua mchele. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Wanaume walipoondoka na jeneza nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba yule akisikia, ataacha kula tena. Safari hii atakufa kweli.

Mjomba wetu, kaka yake mama, aliniita pembeni. "Mdogo wako lazima aambiwe. Ni haki yake."

"Mjomba," nikamwambia, "tangu afungwe umekwenda kumwona mara ngapi?"

Akageuka akarudi kwa wanaume wenzake. Mdomo wangu hauna breki, nakiri, na siku ile niliutumia kumnyamazisha mtu aliyekuwa na haki. Mgeni wa mfungwa nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo habari ingemfikia kwa mdomo wangu au isingemfikia kabisa. Niliamua isimfikie. Nilijiambia nalinda imani yake, imani ambayo nimeijenga mwenyewe tofali kwa tofali.

Tulikaa matanga, tukasoma khitma, tukamaliza arobaini. Katika siku zile shangazi alikuwa ananisema sana. Kila nilipomtaja mama kama zamani, mama alisema hivi, mama alipenda vile, alinikatiza mbele za watu. "Marehemu hatajwi kavukavu. Sema, Mungu amrehemu." Nikawa nasema. Mwanzoni kwa kulazimishwa, baadaye ulimi ukashika njia wenyewe. Hata nikiwa peke yangu napanga vikombe, nikisema "mama" maneno yale yanafuata.

Gerezani nilikwenda baada ya Idi, arobaini ikiwa bado. Nilikuwa nimevua nguo za msiba njiani. Aliniamkia, kisha akauliza, "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Juzi amekula ugali na mlenda, akamaliza."

Sijui mlenda niliutoa wapi. Uongo ukishaanza unataka mboga. Alifurahi sana, akasema dua zinajibiwa. Nikamwambia ndiyo, zinajibiwa, Mungu ni mkubwa. Nilitoka pale, nikakaa chini ya ukuta mpaka askari wa getini akaniuliza kama naumwa.

Mwezi uliofuata nilidanganya tena, na haikuwa ngumu kama mara ya kwanza. Hilo ndilo linaloniogopesha nikilikumbuka.

Mwezi wa nne tangu msiba tulikuwa tunaongea vizuri tu. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniuliza habari za jiko la mama, kama lile paa limeezekwa au bado linavuja. Nami nikajibu bila kufikiri, kama ninavyojibu watu nyumbani, "Bati lilinunuliwa, ila mama, Mungu amrehemu, alikataa wasilipige mpaka—"

Yeye alielewa kabla yangu. Mimi nilikuwa bado naendelea na bati. Nilimwona amefumba macho, nikarudi nyuma katika maneno yangu mwenyewe nikakuta nilichokisema. Hata askari aliinua kichwa.

"Inna lillahi," akasema taratibu, akaimaliza yote. Kisha, "Lini?"

"Ramadhani."

"Hii iliyopita?"

"Hii iliyopita. Kumi la mwisho."

Akauliza, "Ule ugali na mlenda?"

"Alikuwa ameshazikwa, mdogo wangu."

Nilingoja aanguke. Nilingoja apige kelele, anitukane, aseme hataki kula tena, na nilikuwa nimeshayapanga maneno ya Mungu ya kumtuliza. Hakuanguka. Aliushika wavu kwa vidole viwili tu, akaongea kwa sauti ya mtu anayejaribu kuelewa hesabu.

"Dada, mimi nimekuwa namwombea miguu. Tangu Ramadhani mpaka leo alfajiri. Mtu yuko kaburini, namwombea atembee."

Nikamwambia nilimwogopea. Nikamwambia niliogopa asije akakata tamaa.

"Si ulisema Mungu hamtupi mja wake?"

Hapo ndipo nilipovunjika. Kumbe nilikuwa nambebea imani kila mwezi na mimi mwenyewe sina. Nilimwambia amtegemee Mungu, na ilipofika siku ya kumwachia Mungu amshike, sikuthubutu kumwachia. Nililia mbele ya askari na mbele ya wageni wa watu wengine, bila haya. Nikamwambia, "Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe," alisema, na najua alisema kweli, maana alinitazama usoni. "Lakini mtu akishakufa anangoja dua ya mtoto wake. Sikumuuguza. Sikulibeba jeneza lake, sikuingia kaburini kumpokea. Nilikuwa na hiyo dua tu, dada. Miezi minne amelala anaisikilizia, na mimi naituma kwenye miguu."

Askari alisema muda umekwisha, kisha akageuka akatazama ukutani, akatuachia dakika ambazo si zetu. Mdogo wangu alikunja vile vidole viwili, akauachia wavu, akainua mikono yake. Akaanza kumwombea mama rehema kwa sauti, kwa Kiarabu chake kipya alichofundishwa na yule mzee, anakosea, anarudia, anakosea tena. Alipofika mahali pa kuitikiwa amina, akaningoja. Nikafungua mdomo. Mdomo usio na breki, mdomo uliomshinda mjomba, haukutoa kitu.

Akasubiri kidogo, kisha akajiitikia mwenyewe.