Mifupa ya Mkaguzi

Tuliambiwa kila msimamizi wa dampo apimwe na apewe leseni, la sivyo kazi ya taka za Mikumi ingepewa kampuni kutoka Morogoro. Msimamizi nilikuwa mimi, na akina mama wote wa kikundi chetu walinitegemea. Nikasoma mpaka nikaota nachambua taka: zinazooza huku, zisizooza kule, za hatari pembeni.

Siku ya mtihani nilienda Kilosa kumpokea mkaguzi, tukaja na gari lake. Tulipofika dampo nilitaka kulia. Lilikuwa linang'aa. Akina mama walikuwa wamefukia kila kitu, wamefagia, wamenyunyiza maji na kutandika mkeka.

"Shikamoo mama," mkaguzi akamwamkia mwenyekiti wetu.

"Marahaba, baba. Karibu sana."

"Asante. Taka ziko wapi?"

"Taka?" Mwenyekiti aliniangalia kana kwamba nimemletea mwehu. "Mgeni anakuja, tuache uchafu? Sisi tumelelewa, baba."

Mkaguzi akasema bila taka hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna leseni. Nikakimbia mtaani kuazima taka. Jamani, ombeni chumvi, ombeni moto, lakini msiombe taka za kumwonyesha mgeni. Jirani wa kwanza alinifungia mlango. Wa pili alinipa ndizi mbivu, nimenye mwenyewe. Wa tatu, mwenye huruma, aliosha makopo na chupa kwa sabuni, akavipanga vyote kwenye sinia. Mkaguzi alivitazama, akauliza kama tunauza vyombo.

Hasira zilinipanda. Kazi naijua, halafu niikose kwa sababu ya usafi!

Wakati huo chakula kilikuwa tayari, na kwetu mgeni hakai na njaa. Akala wali kwa kuku, akala embe, akanywa maji ya chupa, akachokonoa meno. Nikaitazama sahani yake. Naye akanitazama, akaisogeza mbele yangu.

"Haya. Chambua."

Mwenyekiti aliruka. "Mwanangu, mifupa ya mgeni haihesabiwi!"

Kweli, kwetu kuhesabu alichokula mgeni ni kumsimanga, afadhali umfukuze. Mwenyekiti akashika sahani upande mmoja, mimi mwingine, mchuzi ukaishia kwenye suruali ya mkaguzi. Nikavuta kwa nguvu. Nikaanza: ganda la embe, linaoza. Chupa, haiozi. Kijiti, kinaoza. Mfupa wa paja, wa paja la pili, wa bawa, wa shingo... Nilitaja alichokula chote, kwa sauti, mbele ya watu, huku mwenyekiti amejifunika uso kwa kanga.

Nilifaulu. Kampuni haikuja, akina mama wana kazi mpaka leo, na leseni nimeitundika sebuleni. Ila kwenye shughuli yoyote hapa Mikumi, wenzangu wakipakuliwa kuku, mimi naletewa maharage.