Maksai wa Tola

Tola alizaliwa kwenye vilima vya chaki, mashariki ya mji wa Jorvik, akaolewa huko huko, na watu wa kwao walipima ardhi kwa ng'ombe. Mababu zao walivuka bahari kutoka kaskazini, wakaja na meli zao na maneno yao. Nchi waliyoiteka waliikata mafungu matatu, kila fungu wakaliita thridhing, yaani theluthi basi, hawakujisumbua kutafuta jina la fahari. Ndani ya theluthi kulikuwa na mabaraza. Baraza likaitwa vapnatak, kushika silaha, maana wanaume wakikubaliana jambo waligonganisha mikuki. Kiwanja cha nyumba kilikuwa toft. Na shamba je? Plau moja ilivutwa na maksai wanane. Ukileta maksai wako mmoja, unapata sehemu yako ya nane. Asiye na maksai hana shamba, hata kama babu yake kazikwa humo humo.

Mumewe, Ketil, alikwenda kupigana na mfalme mpya aliyetoka ng'ambo, hakurudi. Akamwachia Tola binti mdogo aitwaye Asa, na mama mkwe aitwaye Ragna mwenye ulimi kama upupu, na maksai mmoja mwekundu.

Majira ya baridi yalipoanza, askari wa mfalme wakaja kuwaadhibu watu wa kaskazini. Walichoma maghala, wakachoma na plau, wakachinja ng'ombe na hata bata. Tola alipouona moshi wa kijiji cha jirani, hakukimbilia shayiri. Alimswaga maksai hadi kwenye shimo la zamani la chaki, akamfunga mdomo kwa kitambaa asilie, akakaa naye mpaka askari walipopita.

Walipokwisha kwenda ndipo njaa ilipoingia.

"Mke wa mwanangu," alisema Ragna, "huyo ng'ombe unamfuga au unamposa?"

"Mama, huyo ndiye shamba."

"Nyama imesimama pale inapumua, na sisi tunachemsha mikanda ya ngozi!"

"Tukimla, masika tutaingia barazani na nini? Tutakuwa watumwa wa watu. Asa ataolewa na nani, hana hata kishamba?"

"Ataolewa na funza, ukiendelea hivyo."

Tola aliuongeza maji uji wa mbegu za mwaloni, akamnywesha mtoto.

Jirani yao, mzee Gamal, alikuja akijikokota kwenye theluji. Wanawe walikuwa wamekufa, na maksai wake aliliwa na askari mbele ya macho yake.

"Mchinje, binti yangu," alisema. "Mimi nitasimama barazani niseme ulikuwa naye. Nani atabisha?"

"Useme uongo mbele ya mikuki, mzee?"

"Mikuki ipi?"

Lakini Tola hakuweza kuwazia kwamba baraza lenyewe halipo tena. Tangu azaliwe lilikuwepo, kama kilima chenyewe. Aliona aibu kwa niaba ya mzee, akamwambia arudi kwake kabla giza halijaingia.

Asa alikuwa akilia njaa asubuhi na jioni. Siku moja akaacha kulia. Tola akauona huo ukimya, akaujua. Akachukua kisu, akashuka shimoni. Maksai alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, lakini miguu bado ilikuwa imara. Tola akasimama na kisu mkononi akiwaza: masika yako karibu, theluji imeanza kulegea kule juu. Akajiambia kesho. Akarudi na kisu kisafi.

Asubuhi mtoto alikuwa ameshakuwa baridi.

Ragna, yule mwenye ulimi wake, hakusema neno. Tola alisubiri atukanwe. Alisubiri siku hiyo na siku zilizofuata, na angeshukuru, lakini bibi yule aliegemea tu ukuta uliojaa masizi.

Masika yalipofika, Tola alimsugua maksai kwa majani makavu mpaka manyoya yakang'aa, akampandisha kilimani kwenye baraza. Zamani kilima kile kilijaa watu. Sasa walikaa wazee wachache na vijana wagonjwa, wameshika fimbo za kutembelea, maana mikuki yote ilichukuliwa. Aliyekuwa akiwasemea alikuwa mzee Gamal, kwa kuwa hakubaki mwingine.

"Nimeleta maksai wetu," Tola akasema. "Naomba sehemu ya Ketil."

Wakamtazama yule mnyama. Alikuwa peke yake pale juu.

"Chukua, Tola," Gamal akasema. "Chukua sehemu zote nane. Chukua na yangu. Ukitaka, chukua na za kijiji cha pili, hakuna mtu kule."

"Na kama ningekuja mikono mitupu?"

Mzee aliinamia fimbo yake. "Ungechukua hizo hizo, binti yangu."

Tola akashuka na maksai wake. Ragna alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akafungua mdomo.

"Wamesemaje?"

"Wametupa sehemu yetu, mama."

"Sehemu ya maksai?"

"Ndiyo. Sehemu ya maksai."

Gamal alichonga plau ya mti, nyepesi, ya kuvutwa na mnyama mmoja, wakaanza kulima. Kila walipofika kwenye jiwe la mpaka wa Ketil, Tola alimgeuza maksai. Ng'ambo ya jiwe ardhi ilikuwa ile ile, nyeusi na laini, imeanza kuota mibaruti. Gamal alimwomba aendelee mbele kidogo, akakataa.

Ragna alikuja kusimama ukingoni, amejifunika blanketi.

"Mbona mnageuzia hapo? Mbele kuna nini?"

"Pa watu, mama," Tola akasema, akamvuta maksai.