Snuki Chini ya Barafu ya Verna Tillis

Kiangazi kile maji mekundu, yale yenye sumu ya mwani, yalipoingia ghubani, Verna Tillis alikuwa na miaka hamsini na minane, na tangu azaliwe hakuwahi kuona samaki wakifa namna ile. Kila kulipopambazuka walikuwa wametapakaa ufukweni mwa kisiwa cha Tarver kama takataka zilizomwagwa: mikizi, kasa, hata nguva mmoja mkubwa, na snuki wengi ajabu. Snuki ndiye yule samaki wa rangi ya fedha mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye watu hutoka majimbo ya mbali kuja Florida kupimana naye nguvu kwa mshipi. Hewa iliwasha koo. Watu walikwenda dukani wameziba pua kwa leso. Verna aliwahesabu snuki hadi wakapita mia mbili, akaona haina maana, akarudi nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni wavuvi kwa boti yake ndogo. Aliijua mikoko ya upande wa kaskazini mzizi kwa mzizi. Zamani alivua mikizi kwa jarife pamoja na baba yake, mzee Odell, hadi jimbo zima lilipopiga kura na majarife yakapigwa marufuku. Odell alizikunja nyavu zake akazirundika nyuma ya nyumba, na mshipi wa michezo akakataa kuushika.

"Unamchosha samaki nusu saa, unapiga naye picha, halafu unamwambia nenda?" alikuwa akisema. "Huo ni utovu wa adabu. Samaki mle, au mwache alale zake."

Mwaka ule wa maji mekundu, maofisa wa jimbo waliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa. Walileta pendekezo: kwa miaka kadhaa asichukuliwe snuki hata mmoja. Ukimvua, umrudishe majini papo hapo, awe hai awe mfu. Ukumbi ulichemka. Royce Bellamy, jirani yao aliyekuwa akikausha mikizi kwa moshi na kuwauzia wapita njia, alisimama na kofia yake mkononi.

"Na aliyekwisha kufa je? Nimtupie ndege mwari, na mimi nyumbani sina kitoweo?"

Maofisa waliangaliana. Aliyejibu alikuwa Verna.

"Mtupie mwari, Royce. Tukiruhusu wafu, kuanzia kesho kila snuki atakayetoka majini atakuwa ameshakufa. Wa kwako wa kwanza."

Watu waliangua kicheko. Royce akaketi, masikio yamemwiva. Mzee Odell, aliyekuwa kiti cha mbele, hakucheka. Walipokuwa njiani kurudi alimwambia binti yake, "Walioniondoa majini waliongea vizuri hivyo hivyo."

Sheria ikapita. Baadhi ya majirani wakaacha kumpungia Verna mkono. Idara ya samaki nayo ikamwingiza katika kamati yake ya ushauri, na picha yake ikabandikwa gatini, ameshika snuki ndani ya maji kwa mikono miwili, chini yake maandishi: mrudishe salama.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa sheria hiyo, mwezi wa nane, maji yana joto kama ya kuogea. Mzee Odell alikuwa na miaka themanini na sita, mrija wa hewa puani, na kwa siku nne alikuwa amekataa kila alicholetewa. Verna alipomuuliza angependa nini, alijibu bila kufungua macho, "Unajua samaki ninayempenda. Usiniulize kitu usichoweza kunipa."

Asubuhi hiyo hiyo Verna alikuwa na mgeni, daktari wa meno kutoka Ohio, jina lake Brandt, mtu mwema mwenye papara. Mnamo saa tano alinasa snuki jike mkubwa. Alipambana naye muda mrefu kuliko Verna alivyotaka, na walipomfikisha ubavuni mwa boti walikuta ndoana imezama kooni na damu inatoka kwenye matamvua.

"Picha moja tu, Nahodha!"

"Hakuna picha. Akae humo humo majini."

Verna alikata mshipi, akashuka, maji yakamfika kiunoni. Akamshika yule samaki taya la chini na kumsogeza mbele polepole ili maji yapite katika matamvua. Alifanya hivyo mpaka mgongo ukamuuma. Alimwachia mara tatu, na mara tatu samaki alipinduka tumbo juu. Mwari wawili walikuwa wamekwisha kutua karibu.

"Huyo kashakufa, mama," Brandt alisema kwa sauti ya chini. "Mchukue tu. Nani atajua?"

Verna alisimama pale, samaki mikononi, akimfikiria baba yake na mifupa ya mabega iliyojitokeza chini ya fulana. Kisha akampandisha botini, akamlaza chini kabisa ya kasha na kumfukia kwa barafu.

Gatini walimkuta askari wa wanyamapori, kijana Quintana, anaandika karatasi ya faini juu ya goti. Mbele yake alisimama Royce Bellamy, na sakafuni kulikuwa na snuki mmoja, mdogo, wa kumtosha mtu mmoja.

"Alikuwa anaelea, afande! Nimemwokota anaelea, haki ya Mungu!"

"Hata mfu, mzee Bellamy. Unaijua sheria."

Quintana aliinua macho, akamwona Verna anafunga boti. Uso wake ukalegea. "Nahodha Verna, wewe pita tu. Wote wangekuwa kama wewe ningekaa nyumbani nikalala."

Royce alimgeukia Verna akamtazama. Verna alibeba kasha hadi kwenye gari.

Alimkaanga samaki kwa unga wa mahindi, akampakulia baba yake pamoja na ugali laini wenye siagi. Mzee alinusa, akafumbua macho. Alikula kipande cha kwanza taratibu, cha pili kwa vidole, akaomba cha tatu. Mafuta yalimtiririka kidevuni, naye akacheka kicheko ambacho Verna hakuwa amekisikia tangu mama yake alipokuwa hai.

"Loo! Kumbe bado wewe ni mtoto wa Tillis."

"Kula, baba."

"Nani kakuona?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umenuna kama umefiwa? Samaki alikuwa wa kufa tu, sivyo?"

"Wa kufa."

"Basi."

"Na wa Royce pia alikuwa wa kufa, baba. Ameandikiwa mbele yangu, nami nimepita na wangu."

Mzee aliacha kutafuna. Akausogeza mkono wake wenye mafuta akamshika kifundo cha mkono. "Mimi nimekula," alisema. "Chochote unachotaka kufanya, mimi nimekula, na nimeshukuru."

Kesho yake Verna alimfuata Quintana gatini akamweleza yote. Kijana alitazama huku na huku kama anayetafuta mlango.

"Nahodha, mimi sikuona kitu. Nenda nyumbani."

"Ungefungua kasha ungeona. Andika."

"Unajua watakufanya nini kwenye ile kamati?"

"Najua. Andika, mwanangu."

Akaandika. Kamati ikamwondoa, picha ikabanduliwa gatini, na leseni yake ikasimamishwa hadi mwaka mpya. Waliokuwa wakimchukia kwa kuitetea sheria wakapata la kusema, na waliomsifu wakapata la kuonea haya. Kanisani watu waliacha nafasi kila upande wa kiti chake. Royce alikutana naye posta, akasimama akizungusha kofia.

"Nilidhani nitafurahi," alisema. "Nimejaribu, dada. Haiji."

Akaondoka bila kumngoja ajibu.

Mzee Odell alifariki mwezi wa kumi na moja. Leseni iliporudi, Verna alipoteza wateja kadhaa kwa masharti yake mapya: ndoana zisizo na kijino cha kunasia, kamba nene ya kumfikisha samaki botini haraka, na maji yakishapata moto wa kuwachosha samaki, safari imekwisha, hata kama mgeni ndiyo kwanza ameketi. Wengine walimwita kichaa. Brandt alibaki.

Wataalamu wa idara walisema snuki wengi wanaorudishwa huishi, na Verna aliwaamini. Lakini kila alipomwachia mmoja sasa, alisimama na kutazama majani ya chini ya maji kwa muda mrefu baada ya mkia kupotea, na mgeni akimuuliza, "Amepona huyo?" alijibu kwamba hajui.