Kambi Isiyokula Majani

Nianze kwa kukiri: niliandika uongo wa nyumba arobaini kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu nzuri, mistari imenyooka. Kwa mujibu wa daftari langu, ukiacha ukurasa mmoja, katika kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba hapa Lubumbashi hakukuwa na mwanaume hata mmoja aliyekula majani. Nyama Jumatatu, nyama Jumanne, Ijumaa samaki kwa sababu ni Wakatoliki. Sombe, yale majani ya muhogo, hawaijui. Lengalenga, yaani mchicha, wameisikia tu kwa majirani.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, chama kimoja, kila mtu aliitwa citoyen au citoyenne, yaani raia. Nilikuwa nimeolewa, mwaka haujaisha, nafanya kazi ya kumsaidia muuguzi katika dispensari ya kambi. Akaja daktari kijana kutoka hospitali kubwa, anaandika kitabu chake cha kumaliza masomo. Alitaka kujua jambo moja: je, wanaume wanaokula majani na nyanya kwa wingi wanaiepuka kansa ya prostate, ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu, kuliko wale wasiokula? Nilimuuliza jibu ni lipi. Akasema jibu hana, ndiyo maana anauliza. Nilimheshimu kwa hilo, maana wakati ule watu wenye majibu walikuwa wengi mno.

Akanipa daftari, orodha ya nyumba zenye wanaume waliopita miaka hamsini, na maswali. Ya kwanza yalikuwa mepesi: wiki hii umekula nini, majani mara ngapi, nyanya mara ngapi. Ya mwisho yalikuwa matatu, na hayo ndiyo yaliyonikausha mate. Usiku unaamka mara ngapi kwenda nje. Mkojo unatoka vizuri au kwa matone. Umewahi kuona damu.

Kitu ambacho daktari hakukijua, na mimi kwa ujinga wangu sikukifikiria, ni posho. Kampani ndiyo iliyotulisha: unga, mafuta, maharage, samaki, na nyama ikipatikana. Sasa kambini ulikuwa umezuka uvumi kwamba wanatafutwa watu wenye bustani, wanaojilisha wenyewe kwa majani, ili posho yao ipunguzwe. Hakuna aliyejua umetoka wapi. Lakini miaka ile karatasi ikiingia nyumbani kwako, ulijua kuna kitu kitatoka. Na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi.

Basi nikianza mstari wa nyumba nasikia vinu vinatwanga sombe, tu, tu, tu, hadi mwisho wa barabara. Nikikaribia, kinu kinanyamaza. Nikipita, kinaanza tena nyuma yangu. Mzee mmoja mboga ya maboga ilikuwa imepanda ukuta wake hadi paa, akaniambia ni maua. Nikamuuliza mbona maua yana maboga. Akasema ndiyo maua ya siku hizi. Mwingine alinijibu "ng'ombe" huku kipande cha lengalenga kimeng'ang'ania kwenye jino la mbele, kijani kabisa, kinanitazama. Nikaandika ng'ombe. Ningefanyaje, nimtolee kwa kijiti?

Na huko kwenye maswali ya mwisho wote walilala fofofo mpaka asubuhi. Kulikuwa na dereva mmoja wa zamani wa treni. Katika muda wa kumuuliza maswali kumi, alinyanyuka mara tatu kwenda chooni. Aliporudi mara ya tatu, bado anafunga mkanda, nikamuuliza huamka mara ngapi. Akanitazama machoni, akasema zero.

Nilikasirika, jamani. Nilikuwa na hasira za msichana aliyesoma kidogo na anadhani dunia inamdai ukweli. Daktari naye aliposoma kurasa za kwanza alivua miwani. Akasema yeye ni daktari na nyama anaila mara mbili kwa wiki. Hawa ng'ombe wote wanachungwa wapi? Lakini akasisitiza nimalize orodha, asiachwe mtu. Na kwenye orodha, nyumba ya kumi na tisa ilikuwa yetu.

Nieleze hapo, kwa wasiojua. Kwetu mkwe ni mkwe. Tangu niolewe sikuwahi kukaa chumba kimoja na baba wa mume wangu. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea jikoni. Tukikutana njiani, mmoja anapinda. Akiwa na neno nami anamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kunifikia nyuma ya ukuta: "Ambia bibi ya mutoto, chumvi imekuwa mingi." Bibi ya mutoto ndiyo mimi, mke wa mwanawe. Hali hiyo ingeendelea mpaka nizae. Yeye alikuwa kapita, yaani msimamizi, kwenye tanuru la shaba, mtu wa sauti kubwa, amebakiza mwaka mmoja apumzike, na mimi nilimjua kwa kikohozi na viatu tu. Sasa nikamuulize mkojo?

Nilimwomba daktari atume mtu mwingine. Hakuwa na mwingine. Nilimwomba mume wangu, ambaye alifanya kazi Kipushi na kurudi Jumapili. Akasema yeye ni mtoto wa yule mzee na maneno hayo hayajui, nisimtie katika mambo ya wanawake. Nilimnunia Jumapili nzima.

Aliyenitoa ni mama mkwe. Alikuwa mfupi, mpole, na nilikuwa nimeshamweka katika kundi la watu wasio na maneno. Akapanga hivi: mimi nikae uani kwenye kigoda, mzee akae sebuleni kwenye kiti chake, yeye asimame mlangoni na kubeba maswali kwenda na majibu kurudi. Nikashukuru. Nikafungua daftari.

Swali la kwanza likaingia. Jibu likatoka ndani, kubwa: nyama. Mama mkwe akanigeukia, mikono yake bado ya kijani kwa sombe, akanipelekea jibu kwa adabu zote.

"Anasema nyama," akasema. "Andika sombe mara ine, lengalenga mara mbili. Ile nyama alikulaka ku matanga."

Ndani kiti kililia. Mzee akarudia kwamba amesema nyama, nyama, bantu banasikia? Mama mkwe hakugeuka. Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa mtego ule. Mzee alisikia kila neno, lakini hakuweza kutoka kuja kusahihisha, kwa sababu mimi nilikaa pale nje. Mila ilimfunga kwenye kiti chake vizuri kuliko kamba. Kazi iliyobaki kwake ni kukohoa.

Nikauliza usiku anaamka mara ngapi. Zero, ikatoka ndani.

"Andika mara sita," akasema mama mkwe. "Mi njo nalalaka naye."

Viatu vilikuja hadi karibu na mlango, vikasimama, vikarudi. Nilikuwa nauma midomo nisicheke. Machozi yananitoka. Nikasoma lile la damu haraka haraka, nipate kumaliza niende nikacheke mbali.

Ndani hakujibu mtu. Mama mkwe akajifuta mikono kwenye kikwembe chake, kidole kimoja kimoja, kisha akasema polepole, na hakuwa ananiambia mimi.

"Andika damu. Tangu Pasaka."

Hakuna aliyekohoa. Niliandika, na kicheko kiliniishia tumboni. Yule mama hakuwa amekubali kusimama mlangoni ili anisaidie mimi. Miezi yote ile alikuwa anajua, hana wa kumwambia, na mwenye mwili hataki kusikia. Alikuwa anangoja mtu yeyote aje na karatasi.

Daktari alisoma ukurasa ule mara mbili. Akasema huu ndio wa kweli peke yake katika daftari zima, na anataka kumwona mwenyewe Jumatatu. Mama mkwe akapeleka ujumbe. Mzee akakataa katakata. Alikuwa ameshasikia kazini kwamba hospitali wanakulaza kwa ubavu na daktari anaingiza kidole huko nyuma ili aipapase hiyo tezi. Mtu aliyewaamrisha watu themanini mbele ya moto, apandishwe kitandani na kijana mwenye miwani apigwe kidole? Hapana, labda awe amekwisha kufa.

Lakini alikuwa na hesabu yake. Si huyu daktari anatafuta habari za majani? Si anasema labda majani yanaikinga kansa? Basi. Kuanzia siku hiyo mzee aliyekuwa hajui sombe akawa mla majani mkubwa kuliko mbuzi wote wa Katanga. Lengalenga asubuhi na chai. Matembele mchana, bila bukari, ule ugali wetu, eti bukari itayapunguza nguvu. Nyanya alizila mbichi, amesimama barabarani, zinamchuruzika kidevuni, ili kila apitaye aone na ajue. Bustani ya mama mkwe ilinyolewa kipara kwa siku nane. Mume wangu akaagizwa kikapu cha nyanya Kipushi, akakileta Jumapili akiuliza ni sherehe ya nani.

Wanaume wa kambi walituma watu watatu kuja kumsihi. Walimwambia anawauza, mtu akionekana anakula majani namna ile hadharani, posho ya wote itakwenda. Akawajibu kila mtu ana ruhusa ya kufa na nyama yake. Wakaondoka wamekasirika sana. Jioni, kupitia ukuta, nikapewa ripoti yangu: "Ambia bibi ya mutoto aandike, leo nyanya munane." Nikaandika nane.

Nakiri nilifurahi. Nilicheka na wenzangu dispensari hadi muuguzi akatufukuza. Wiki tatu nilikuwa naandika nyanya. Kisha asubuhi moja nilimkuta mama mkwe bombani peke yake, mapema kuliko wanawake wengine wote, anafua suruali ya kazi. Nikataka kumpokea. Akaivuta kwake kwa nguvu, akaikumbatia ikiwa na maji yake, kikwembe kikalowa chote. Niliona rangi ya maji kwenye beseni.

Nikaenda kwa daktari nikamweleza yote, hata ya nyanya barabarani. Nilidhani atacheka. Akaniambia, "Citoyenne, majani labda yanamkinga ambaye bado hajaumwa. Labda, hata hilo sijalijua. Huyu mzee hahitaji nyanya. Anahitaji kuja hapa, na anachelewa."

Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, na sikujua nimemkasirikia nani zaidi: mzee na kiburi chake, au mimi na kalamu yangu, naandika nyanya wakati mtu anatoka damu. Mama mkwe alikuwa bustanini. Nikapita mlango wa mbele.

Mzee alikuwa mezani na bakuli lake. Aliponiona akageuza uso ukutani haraka, kama mila inavyotaka, na mimi nilipaswa nitoke mbio. Nikavuta kiti nikakaa. Hata leo sijui ni nani aliyenikalisha.

"Baba, unisamehe," nikasema. "Nyanya haitatosha. Docteur anasema ugonjwa inaweza kuwa iko ndani tayari, na nyanya haiwezi kuitoa. Uende kesho, ao mama atabaki mujane sababu ya haya yako."

Alikaa vile, kisogo kwangu. Nilimwona shingo yake kwa karibu mara ya kwanza. Ilikuwa imekonda.

"Utakuja na mi," akauambia ukuta. "Mama yako abaki, atalia ku njia."

Kesho yake tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma. Akisimama kupumua, na mimi nasimama. Kwa asiyetujua nilikuwa kama namfuatilia mwizi asiye na haraka. Hospitalini alikaa kwenye benchi la korido, mimi nikasimama mbali, mpaka akaitwa. Aliingia kofia ikiwa kichwani. Nikasema sasa naweza kukaa, nikakaa.

Haikuchukua muda. Daktari akatoka kwanza, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amegusa kitu kigumu, kwamba kimeanza lakini anadhani hakijatoka mahali pake, na kwamba Alhamisi atamlaza ampasue. Kisha mzee akatoka, kofia mkononi, akaja moja kwa moja kwenye benchi langu. Nikanyanyuka nimpishe.

"Ikala," akasema.

Nikakaa. Akakaa kando yangu. Tukatazama ukuta wa mbele, wote wawili.

"Niliogopa," akasema. "Haikuwa kile kidole. Niliogopa banitangazie kufa, na mutoto yako sijamuona."

Nilikuwa bado sijashika hata mimba. Alhamisi alipasuliwa, na akaishi kuwapakata watoto wangu watatu na kuwaharibu kwa sukari. Daktari alihamishwa, akaondoka na daftari langu, na kama majani yanakinga au hayakingi hakunipa habari. Lakini siku ile hatukujua lolote kati ya hayo. Mzee alitaka kusimama, akahitaji wa kumwegemea. Akatazama huku na huku kumtafuta mke wake, kwa mazoea. Mwanamke mmoja wa kambi yetu alikuwa anapita koridoni na beseni lake kichwani. Alipotuona benchi moja alisimama kabisa, mdomo wazi.

Mzee akanyoosha mkono wake kwangu.

"Nishike," akasema. "Muache atuone."

Nikamshika. Tukatembea hivyo hadi kambini, mchana kweupe, ameniegemea na uzito wake wote.