Makato ya Marehemu

Mume wangu alipigwa risasi na majambazi kwenye barabara ya Liboi, akipeleka mbuzi mnadani. Eda ilipoisha, niligundua benki imeendelea kukata ada kwenye akaunti yake kila mwezi, huku watoto wangu wakilala na chai ya rangi tu. Nikaenda tawini Garissa kudai nirudishiwe. Mdogo wake marehemu, shemeji yangu, alinisindikiza.

Karani alitazama kompyuta, akasema, "Mama, marehemu hakuja kufunga akaunti."

"Angekuja na sanda?" shemeji akamuuliza, akapitisha mkono dirishani na kumkaba kwa tai yake.

Askari wa mlangoni akampiga shemeji rungu la mdomo. Alipoanguka, askari akamtandika mateke ya mbavu mpaka nikamlalia juu, na mimi nikala rungu la bega. Jino la shemeji lilikuwa sakafuni, kwenye damu.

Meneja akatoka mbio, akachomoa noti mfukoni mwake. "Chukua, mama. Yaishe."

Nilizitaka sana. Lakini kwetu, fidia ya jino ni ya aliyeng'olewa. Nikamuuliza, "Hizi ni za makato au za jino?"

"Ni za amani tu."

"Chukua, abaayo, dada yangu," shemeji akasema, damu ikimtiririka kidevuni. "Lisha watoto."

Nikamtia noti zile mkononi. "Hizi ni zako. Zangu bado wanazo."

Kisha nikarudi dirishani, nikamwambia karani tuanze upya.