Mpigo Niliouficha

"Mutoto, ukiumia mukono leo, ile wimbo nani atapiga?"

Aliyeniuliza hivyo, mwanangu, ni Mzee Baluku, mwalimu wetu wa gitaa pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, mtu wa kuhoji kila kitu, na wimbo wangu ulikuwa unazunguka kwenye simu za watu mpaka Kongo.

Bendi yake ilikuwa na desturi moja: ukibuni mpigo mpya, unamfundisha mwenzako kabla haujapigwa hadharani. Mimi niliona huko ni kuibiana. Nyuzi zangu nilizikaza kwa namna niliyoijua peke yangu, na kila nilipofika kwenye mpigo ule niliwapa watu mgongo wasione vidole.

"Geuka basi!" mama muuza samaki alinipigia kelele sokoni. "Tulikuja kuangalia mugongo?"

Watu walicheka. Mimi niliogopa. Kila kijana mwenye gitaa nilimwona mwizi. Hata chai nilikunywa gitaa likiwa mapajani. Nani angenipenda watu wote wakijua ninavyoupiga?

Siku ya onyesho kubwa Kasese, asubuhi, nilijikata vibaya kidole nikimenya ndizi za matoke. Nyuma ya jukwaa, Muhindo, mpiga gitaa wetu wa pili, alipiga magoti mbele yangu.

"Dada, nionyeshe tu. Nitajaribu."

Nilivitazama vidole vyake vizima, nikaogopa kuliko nilivyoiogopa damu yangu.

"Hapana," nikasema. "Kesho wataita jina lako."

Mzee Baluku alitoka peke yake kuwaomba watu radhi. Walimzomea. Chupa ya maji ikampiga begani. Nikawa nimejibanza nyuma ya pazia, wao wakiita jina langu kana kwamba wananitafuta wanipige.

Jeraha lilipona, kidole kikabaki kigumu. Mpigo ule siuwezi tena, kuueleza kwa maneno nimeshindwa, na hakuna mwingine anayeuweza. Video zipo, lakini zinaonyesha mgongo wangu. Ila nenda harusini Mahango au Bugoye: magitaa utakayoyasikia yanapigwa kama alivyofundisha Mzee Baluku, na wapigaji wengi hata jina lake hawalijui.

Sijawa bibi bado, mwanangu, ila nisikilize. Ulichobuni, mfundishe mtu kabla hujasifiwa kwacho. Hofu ya kuibiwa itakuja, bado inanijia hata mimi. Ikija, ndipo uvionyeshe vidole vyako. Mungu akuwekee mikono mizima, akupe na wanafunzi watakaokupita.

Miaka mingi baada ya kumzika Mzee Baluku, mjane wake aliniambia kwamba ujanani mumewe alikuwa na jina kubwa ng'ambo, na kwamba alipiga gitaa mkono ameufunika kwa leso, watu wasione vidole. Nikamwomba anighanie wimbo uliompa jina hilo. Alijaribu, akakwama. Hata yeye hakuukumbuka.